Madaraja ya Ukambani

Mito mingi ya Kitui na Makueni hukauka kwa miezi mingi katika mwaka. Akina mama huchimba mchanga wapate maji ya kunywa, na ng'ombe huvuka pasipo kulowa kwato. Kwa hiyo zamani ilionekana yatosha kutandika sementi juu ya mchanga, au kujenga daraja fupi lisiloinuka sana. Lakini mvua ya vuli inyeshapo vilimani, mto uliokuwa mkavu asubuhi waweza kujaa kabla ya adhuhuri, hata mahali pasipoanguka tone moja.

Tarehe 4 Desemba, 2021, basi lililowachukua waimbaji wa kanisa waliokuwa wakienda arusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, karibu na Mwingi, maji yakiwa yamelifunika daraja. Ukingo haukuonekana kwa matope. Basi likaenda kando, likazama. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wenyeji walijitosa majini wakawaokoa wengine. Baadaye palijengwa daraja jipya lililoinuka zaidi.

Wengi hudhani kwamba gari zito haliwezi kuchukuliwa na maji. Sivyo. Maji yafikapo tumbo la gari huanza kuliinua, na ule uzito uliotegemewa hupungua; ndipo mkondo hulisukuma kama gogo.

Mafundi wa siku hizi wanazo njia nyingi za kuinua barabara juu ya maji. Huko Jinja, Uganda, daraja lililofunguliwa tarehe 17 Oktoba, 2018, lilipokea kazi ya njia iliyopita juu ya bwawa la Owen Falls tangu 1954. Urefu wake ni mita 525. Kamba nene za chuma zimefungwa katika minara miwili, nazo hulishika daraja kutoka juu, hata sehemu ya katikati, yenye mita 290, haina nguzo hata moja.

Si kila mto wa Ukambani uhitajio kazi kubwa kama hiyo. Lakini kila daraja lapaswa kupimwa kwa mafuriko makubwa yanayokumbukwa na wazee, wala si kwa mchanga mkavu wa kiangazi. Na mahali ambapo daraja la namna hiyo halijajengwa, dereva na angoje maji yapungue, na abiria wasimhimize. Maji usiyoyafika hujui kina chake. Arusi yaweza kungoja.