Matapeli wa mitandaoni sasa wavaa jina la rafiki

Habari ya msiba inapofika katika kundi la WhatsApp la ukoo, la kanisa au la chama, ni wachache wanaouliza maswali. Aliye na shilingi mia mbili hutuma mia mbili, aliye na elfu mbili hutuma hizo, naye mweka hazina huorodhesha majina hadi usiku. Mchango ambao zamani uliwalazimu watu kuketi pamoja chini ya hema sasa hukamilika kwa saa chache kupitia rununu. Hukamilika kwa sababu kila mtu anaamini kwamba jina analoliona kwenye simu ni la mtu anayemjua. Imani hiyo ndiyo wanayoiwinda watumaji wa jumbe taka.

Haikuwa hivyo tangu awali. Jumbe taka zina umri mkubwa kuliko mitandao ya kijamii yenyewe. Mnamo Mei 1978 Gary Thuerk, aliyehusika na mauzo katika kampuni ya tarakilishi ya Digital Equipment Corporation nchini Marekani, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 waliotumia mtandao wa ARPANET, akalaumiwa vikali. Barua pepe zilipoenea, zikaja zile barua za mjane wa jenerali fulani anayetafuta mtu wa kumhifadhia mamilioni ya dola. Mwandishi wa barua hizo alikuwa mgeni, na mgeni anayegawa mamilioni hushukiwa hata na mtoto. Alilazimika basi kutuma barua nyingi mno ili amnase mmoja. Mitandao ya kijamii ilimpunguzia kazi hiyo, kwani ilimwekea mahali pamoja majina ya watu, picha zao na orodha za marafiki wao.

Kisa kinachodhihirisha mageuzi hayo ni cha Sanford Wallace, Mmarekani ambaye jina lake lilihusishwa na jumbe taka tangu miaka ya 1990. Kwa mujibu wa mashtaka dhidi yake, kati ya Novemba 2008 na Machi 2009 aliingilia akaunti zipatazo 500,000 za Facebook na kutuma jumbe zaidi ya milioni 27. Mtumiaji alipata ujumbe ulioonekana kutoka kwa rafiki, akabofya, akatakiwa kuandika anwani yake ya barua pepe na neno la siri. Punde si punde marafiki zake wote walikuwa wanapokea ujumbe uo huo, safari hii kwa jina lake. Waliobofya walielekezwa kwenye tovuti zilizomlipa Wallace kwa kumletea wageni.

Mnamo Oktoba 2009 mahakama ya California iliamuru ailipe Facebook dola milioni 711. Kampuni hiyo yenyewe ilikiri kwamba haikutarajia kupata sehemu kubwa ya fedha hizo, na si ajabu, kwani Wallace alikuwa amekwisha kuomba kutangazwa kuwa muflisi. Miaka karibu saba ilipita kabla hajahukumiwa kifungo cha miezi 30, mnamo Juni 2016. Anayedhani kwamba mahakama pekee zitaukomesha utapeli huu na aitazame kalenda hiyo.

Yamkini baadhi ya wasomaji watasema hayo ni ya zamani na kwamba kampuni zimeimarisha ulinzi. Ni kweli kwa kiasi fulani. Facebook ilisema iliondoa akaunti bandia zipatazo bilioni 2.2 katika miezi mitatu ya kwanza ya 2019 pekee. Hata hivyo, Julai 2020 akaunti za Twitter za Barack Obama, Joe Biden na Bill Gates zilitekwa na kutumiwa kuwaahidi watu kwamba wakituma sarafu za bitcoin watarudishiwa maradufu. Zaidi ya dola 100,000 zilitumwa. Wahalifu hao walianza kwa kuwapigia simu wafanyakazi wa Twitter na kuwahadaa hadi wakapata njia ya kuingia. Kufuli lilikuwa imara, lakini mwenye ufunguo aliutoa mwenyewe.

Mbinu iyo hiyo, kwa kipimo kidogo, ndiyo inayowasumbua watumiaji wa WhatsApp humu nchini. Akaunti ya WhatsApp hufungamana na nambari ya simu. Inapofunguliwa kwenye simu nyingine, mwenye nambari hutumiwa tarakimu sita kwa ujumbe mfupi. Tapeli, akiwa tayari ameteka akaunti ya rafiki, huandika kwa upole kwamba tarakimu hizo zimetumwa kimakosa na kuomba arudishiwe. Anayezituma hupoteza akaunti papo hapo, na jina lake huanza kukopa. Yuko hospitalini, anahitaji elfu tano, atarudisha jioni. Jina la mpokeaji linaloonekana kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa huwa la mtu mwingine kabisa, lakini tapeli huwa na jibu: ni simu ya muuguzi. Mwenye jina naye hawezi kuonya yeyote katika makundi hayo, kwa kuwa amefungiwa nje.

Kuna pia zawadi bandia. Supamaketi mashuhuri inadaiwa kuadhimisha miaka kadhaa tangu ianzishwe. Mtu ajibu maswali manne mepesi, kisha asambaze kiungo kwa makundi matano ndipo apate vocha yake. Anayefanya hivyo amekuwa kibarua asiye na ujira. Mnamo Januari 2019 WhatsApp iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mara moja, na Aprili 2020 ikapunguza hadi moja kwa jumbe zilizokwisha kupitia mikono mingi. Kikomo hicho kilisaidia, lakini hakimzuii mtu aliyeshawishika kuunakili ujumbe upya.

Kenya haikosi sheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ilipopitishwa mwaka wa 2018 ilimwekea anayewahadaa wengine ili wamfichulie siri zao faini isiyozidi Sh300,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini sheria hungoja mlalamishi, na walalamishi ni haba. Aliyelaghaiwa huona haya, hasa akichekwa na kundi lile lile lililopaswa kumtetea. Kicheko hicho humfaa tapeli, kwani kinachofichwa kwa aibu hakiwaonyi wengine.

Mtumiaji ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhani. Tangu 2017 WhatsApp imempa kila mtu nafasi ya kujiwekea nambari yake ya siri ya ziada, ambayo tapeli aliyepata zile tarakimu sita bado ataihitaji. Kuiweka huchukua dakika moja, na anayeiweka asiitaje kwa yeyote. Ombi la pesa nalo lisijibiwe mahali lilikotoka. Anayeombwa ampigie rafiki kwa nambari ya kawaida, na kwa vile leo hata sauti ya mtu huweza kuigwa kwa tarakilishi, amuulize jambo wanalolijua wawili hao tu. Vyama navyo viamue kikaoni, ana kwa ana, nambari moja ya kupokea michango, na mabadiliko yoyote yafanywe kikaoni vilevile.

Aliyekwisha kutekwa asikate tamaa. Aisajili WhatsApp upya kwa laini yake mwenyewe, apokee tarakimu mpya, na mvamizi atatolewa. Ikiwa mvamizi huyo alikwisha kuweka nambari ya siri ya ziada, mwenye akaunti atalazimika kungoja siku saba kabla ya kurejea. Katika siku hizo ni juu ya jamaa au rafiki mwingine kuliarifu kila kundi kwamba maombi yaliyotumwa kwa jina hilo hayakuwa yake, na kuwashauri waliokwisha kutuma pesa wawasiliane mara moja na kampuni ya simu kabla hazijatolewa kwa wakala.