Jehanamu Si Chakula Usichokipenda



Wapendwa taifa la Mungu, huko Uingereza kuna kipindi cha televisheni kiitwacho Saturday Kitchen, kilichoanza mwaka 2002 katika BBC. Jumamosi asubuhi wapishi hodari hupika, divai humiminwa, na mtu maarufu, mwigizaji au mwanamuziki, huketi mezani akieleza kazi yake mpya. Kwa miaka mingi mgeni huyo ametakiwa kutaja vyakula viwili: akipendacho mno, kikaitwa "mbingu", na akichukiacho, kikaitwa "jehanamu". Watazamaji hupiga kura, na mwishoni hupikwa kilichoshinda.

Mtauliza: Padre, mambo ya Uingereza yatuhusu nini sisi wa Masasi na Newala? Yanatuhusu, kwa sababu mtindo huo wa jiko, nyota na soga hauombi pasipoti. Unaingia kwa dishi na kwa simu ya mkononi, na vijana wetu wanauhesabu kuwa ndio ustaarabu.

Sipingi mapishi. Mwanamume anayepika mbele ya taifa zima anawafundisha jambo wale wanaume wetu wanaodhani jiko ni la mama na binti tu. Ninachokipinga ni mafundisho ya uongo yanayopita chini ya mvuke wa sufuria, kwamba mbingu ni ulimi kufurahi na jehanamu ni ulimi kuchukizwa.

Mwinjili Luka, sura ya 16, anatusimulia habari za tajiri aliyekula vizuri kila siku. Hakuhukumiwa kwa sababu ya chakula asichokipenda. Alihukumiwa kwa sababu ya chakula asichokigawa, hali Lazaro amelala mlangoni pake. Meza yake ilikuwa imejaa "mbingu", nayo ikampeleka motoni.

Wengine watasema huo ni utani tu. Lakini neno likifanyiwa utani kila juma hupoteza makali yake. Mtoto aliyezoea kusikia kwamba jehanamu ni sahani ya mboga, siku padre atakapomweleza hatari ya roho isiyojali maskini, atacheka.

Tena tazameni mahali tulipo. Hapa uwanda wa Makonde maji hupandishwa kutoka mabondeni. Miezi ya upungufu wa chakula inapofika, akina mama huingia porini na majembe kuchimba ming'oko. Mizizi hiyo imeokoa watoto wengi, na ikichemshwa vizuri ni tamu. Je, kijana aliyefundishwa kugawa vyakula kuwa vya peponi na vya motoni ataiweka wapi ming'oko ya bibi yake? Ataionea haya. Na anayekionea haya chakula cha bibi, hatakawia kumwonea haya bibi mwenyewe.

Swali jingine: nani anakaribishwa katika meza ile? Ni mwenye jina. Korosho zetu, ambazo kwa sehemu kubwa huuzwa ghafi na kubanguliwa India na Vietnam, zaweza kufika katika kikaango cha mpishi yeyote Ulaya. Mkulima wa Newala aliyeziokota moja moja chini ya mkorosho hana kiti pale. Bwana wetu alituagiza kinyume chake: tukifanya karamu tuwaite maskini, viwete na vipofu, ambao hawana cha kutulipa. Mgeni wa televisheni hulipa papo hapo, kwa kuleta watazamaji.

Basi, ndugu zangu, Jumamosi hii zimeni televisheni kwa saa moja. Pikeni mlicho nacho, ugali wa muhogo na mbaazi vyatosha. Kisha mwiteni jirani mmoja ambaye jina lake halijulikani nje ya kitongoji chake. Mketisheni mahali pa heshima, mwulizeni habari zake, na mumsikilize hadi mwisho. Hapo mtaionja mbingu, nayo haihitaji kura ya mtu.

Nawatakia Dominika njema.

Paroko wenu