Mradi wa Pamoja Nao ni Darasa

Wapo walimu wanaoamini kwamba mwanafunzi anayeshirikiana na mwenzake anakwepa kazi. Hiyo ni kasumba, na mfano wa kuipinga unatoka Marekani, nchi inayosifika kwa ubinafsi.

Mwaka 2005 wanafunzi wa chuo cha DigiPen, mjini Redmond, walikamilisha mchezo wa kompyuta uitwao Narbacular Drop, uliokuwa mradi wao wa mwaka wa mwisho. Ndani yake binti mfalme asiyeweza kuruka hutoroka kifungoni kwa kutumia milango miwili ya ajabu. Aingiaye huku hutokea kule. Kazi ya namna hiyo humtaka mmoja aandike programu, mwingine achore, mwingine apange mafumbo. Kosa la mmoja hukwamisha wote. Kampuni ya Valve ilipouona mchezo huo iliwaajiri wanafunzi hao kwa pamoja, na mwaka 2007 wazo lao likazaa Portal, mchezo uliosifiwa dunia nzima.

Ni kweli kwamba katika kila kundi hawakosi wategaji. Dawa yake ni kila mwanafunzi kusimama mbele ya darasa na kueleza sehemu aliyoifanya, wala si kufuta miradi.

Elimu ya Kujitegemea ilikwisha kuonya mwaka 1967 kwamba mtihani hupima kukariri, haupimi moyo wa kuwatumikia wenzako. Hapana budi basi mradi wa pamoja upewe alama zinazolingana na uzito wake, tangu shule ya sekondari hadi chuo kikuu.