Shukrani Hazisahihishi Madaftari

Jumapili iliyopita hapa Busale mhubiri mgeni alichelewa saa nzima. Alifika suruali ikiwa na tope hadi magotini, akailaani barabara kwa dakika kumi, kisha akafungua Biblia na kutuambia kwamba mwenye msongo wa mawazo kazini amekosa shukrani. "Una kazi, wenzako wanaitafuta. Unanung'unika nini?" Walimu waliokaa benchi la tatu wakainamisha vichwa. Mmoja alisema amina, kwa sauti ya mtu anayeitikia jina kwenye mahudhurio.

Mimi sikuitikia. Yeye tope moja tu limemkosesha raha asubuhi nzima, na sikusikia akilishukuru.

Imani hii imeota kama magugu kwenye mpunga: msongo uko kichwani mwa mfanyakazi, kwa hiyo aombe, ajipange, aamke saa kumi, anywe maji mengi. Wahubiri wanaitoa bure. Wahamasishaji wenye suti za kubana wanaiuza kwa kiingilio, na soda unajinunulia. Hakuna anayeuliza kazi yenyewe imepangwaje, na nani kaipanga.

Binti wa dada yangu anafundisha shule moja huku bondeni. Darasa lake lina watoto 114. Majuzi nilimkuta saa nne usiku amesimama dirishani, simu kaiegemeza kwenye nondo, maana hapo ndipo mtandao unaposhika, anajaza tathmini ya utendaji wake. Mezani madaftari yamepangwa safu tatu, na safu moja imeanza kuinama.

"Shikamoo mjomba. Una bando? Mfumo unafungwa saa sita."

Huyu akashukuru nini? Idadi ya watoto hakuipanga. Siku ya mwisho ya kujaza hakuulizwa. Bando ananunua mwenyewe, na nusu ya mshahara inaishia kwa wakopeshaji wa kausha damu, ambao kadi za benki za walimu wanazitunza vizuri kuliko benki zenyewe. Mzigo wote wake, kauli yote ya mwingine. Msongo unazaliwa hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 kwa wiki, lakini madaftari hayajaisoma.

Wanaodhani ni porojo za mjomba waende London. Kuanzia 1967 watafiti walifuatilia afya za watumishi wa serikali zaidi ya 17,000 kule. Ungetegemea moyo uwaue wakubwa wenye maamuzi mazito. La hasha: wa ngazi ya chini kabisa, akina tarishi na bawabu, ndio walioongoza, kama mara tatu ya wakubwa. Utafiti uliofuata, ulioongozwa na Michael Marmot, ukagusa penyewe: mtu asiye na kauli juu ya kazi yake, moyo wake uko hatarini zaidi. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, lilipoeleza kule kuchakaa kwa mfanyakazi, lilitaja msongo sugu wa kazini. Shukrani halikuzitaja.

Kuna mzee aliniambia nje ya kanisa, "Mbona babu zetu walilima kwa jembe la mkono na hawakujua msongo?" Mzee wangu, babu mvua ikikaza alikaa barazani anachoma ndizi hadi ipite, na hakuna aliyemwandikia barua ya kujieleza. Akiamua leo hashiki jembe, hashiki. Ungempa babu watoto 114 na mfumo unaofungwa saa sita usiku, tungeona kama angefika palizi ya pili.

Jumatano binti kapiga simu. Mfumo umemkatalia nywila, na bwana anayeweza kuirekebisha hapatikani hadi Jumatatu. Yuko semina, posho imetoka, mada ni mbinu za kuukabili msongo kazini.