Catch yako tupu inaita watu wezi

Wasee, leo naanza kwa kukubali makosa yangu. Halafu nitawageukia nyinyi.

Kuna mama mtaani kwetu anauza gesi. Mwaka jana alinipa kazi ya kumtengenezea tovuti. Mteja anaandika jina, namba ya simu na saizi ya mtungi, anabonyeza "Lipa", simu inamuuliza PIN ya M-Pesa, anaweka, mtu wa boda anamletea gesi. Nilimaliza kwa wiki mbili. Nikaposti, mkanipigia makofi.

Mwezi wa kwanza ukaisha poa. Mwezi wa pili mzee mmoja akaja dukani amewaka. Amelipa, gesi haijafika. Mama akafungua dashibodi niliyomtengenezea: hakuna oda ya huyo mzee. Mzee akatoa simu, akaonyesha meseji ya M-Pesa. Sasa si mnajua hii Nairobi, meseji feki za M-Pesa zimejaa. Mama akaangalia skrini, akamwangalia mzee, akaamini skrini. Mzee akaitwa mwizi mbele ya watu wote waliokuwa kwa foleni.

Hakuwa mwizi. Shida ni kwamba jina lake lina ng'.

Ngoja nieleze. Msimbo wangu ulikuwa unachukua jina vile mteja ameliandika na kulibandika moja kwa moja ndani ya amri ya SQL. Kwa SQL, hiyo alama ndogo ya ng' ndiyo hufungua na kufunga maandishi. Ukiandika Ng'ang'a, databesi inadhani jina limeishia pale kwa "Ng", halafu inakutana na maneno isiyoyaelewa, inakataa oda nzima. Otieno akinunua, sawa. Mwende, sawa. Ng'eno au Wang'ombe, pesa inaenda na oda inapotea. Na nilikuwa nimeijaribu hiyo tovuti mara nyingi sana kabla ya kuizindua. Zote kwa jina langu, ambalo halina alama yoyote.

Dawa yake iko na ni ya zamani: unaitumia databesi amri peke yake na jina peke yake, isichanganye. Tena usipofanya hivyo, ni mlango huohuo wezi wa mtandaoni hupitia kuingia kwa databesi yako. Ningepaswa kujua. Lakini hiyo bado sio dhambi yangu kubwa, kwa sababu kukosea kila mtu hukosea.

Dhambi yangu kubwa ni hii: databesi ilinipigia kelele. Kila mara oda ilipokataliwa, ilisema wazi kwamba amri imeharibika, ikasema hadi sehemu iliyoharibika. Na mimi nilikuwa nimeizungushia try na catch, na ndani ya catch sikuweka kitu. Mabano mawili, katikati hewa. Kosa likitokea, lidakwe, lizikwe, na tovuti iendelee kumwambia mzee wa watu, "Asante, oda yako imepokelewa."

Huo ni uongo, na niliuandika kwa mikono yangu. Kwa nini? Kwa sababu siku moja kabla ya kumwonyesha mama kazi, skrini ilikuwa na maandishi mekundu na nilitaka yatoke. Yakatoka. Nikalipwa.

Sasa nawageukia. Nimesoma misimbo yenu, kwa sababu mnanitumia niwasaidie kusaka hitilafu. Catch tupu zimejaa kama matatu stendi. Kuna wale hata hawajui wanadanganya: wanatumia fetch ya JavaScript wakidhani seva ikianguka itawaambia. Haitawaambia! Seva ikijibu 500, fetch haianguki, inaendelea kama kawaida. Lazima wewe mwenyewe uangalie response.ok. Usipoangalia, unamwonyesha mteja alama ya tiki ya kijani juu ya maiti.

Na malipo ndiyo noma zaidi. Ukiomba M-Pesa imuulize mteja PIN, unapata jibu la kwanza lenye sifuri. Hiyo sifuri inamaanisha ombi limepokelewa tu. Pesa bado. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye kwa jibu la pili, yakiwa na namba yake: 0 amelipa, 1 hana salio la kutosha, 1032 amekataa, 1037 simu yake haikupatikana au hakujibu. Hizo ni hali nne tofauti za binadamu. Wewe umezikoroga zote kwa sentensi moja: "Kuna shida, jaribu tena." Ajaribu nini tena? Asiye na salio atajaribu mara kumi bure. Na yule ambaye jibu lake limechelewa tu atajaribu tena na kulipa mara mbili, na hiyo ilikuwa fare ya kesho.

Najua mtaniambia nini. "Buda, mteja wa kawaida hapaswi kuona makosa ya databesi, utamwogopesha." Kweli kabisa. Tena ukiacha DEBUG=True ya Django ikiwa hewani, unawagawia wezi ramani ya nyumba. Lakini kutomwonyesha mteja ni kitu kimoja, na wewe mwenyewe kukataa kuona ni kitu kingine. Kosa zima liende kwa logi ya seva, na saa na namba ya oda, bila PIN wala neno la siri. Mteja naye aambiwe kwa lugha ya watu: pesa imetoka au haijatoka, asubiri au apige simu gani. Na kama hujui cha kufanya na kosa, usilidake. Liache lianguke, lipige kelele, ulisikie.

Wengine watasema nachukulia hii kitu serious sana, ati ni gesi tu. Haya. Twende Uingereza. Kuanzia 1999 posta ya huko ilianza kutumia mfumo wa hesabu unaoitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha pesa zimepungua kwa matawi, wakati hazikuwa zimepungua. Wenye matawi walisema ni kompyuta. Hawakuaminiwa, maana sheria ya huko ilichukulia kwamba kompyuta iko sawa hadi ithibitishwe vinginevyo. Watu zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu wa hesabu. Kuna waliofungwa jela. Kuna waliofilisika. Ilikuwa 2019 ndipo mahakama ilisema wazi kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu, na 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mamia.

Sasa ondoa posta, weka duka la gesi. Ni stori ile ile. Skrini inasema hivi, binadamu anasema vile, na kila mtu anaamini skrini. Kwa hivyo wewe unayeandika skrini ndiye shahidi. Ukizika makosa, unatoa ushahidi wa uongo dhidi ya mtu ambaye hata hajui jina lako.

Na msiniambie ni mambo ya waliosoma. Niliacha chuo, na hapa hakuna digrii inayohitajika. Ni kuandika mistari miwili ndani ya catch.

Mama alipotoa taarifa ya till, pesa ya mzee ilikuwa hapo, pamoja na ya wateja wengine sita. Wote saba wana ng' kwa jina. Sita wakarudishiwa pesa na kuombwa msamaha. Mzee alichukua pesa yake, akasema asante, na tangu siku hiyo ananunua gesi kwingine, vituo viwili mbele. Logi haiwezi kumrudisha.

Leo usiku kabla ulale, fanya vitu viwili. Tafuta kila catch tupu kwa msimbo wako. Halafu fungua tovuti yako, jisajili kwa jina la Ng'ang'a, uone kama utaitwa mwizi.