Mtafunaji mkuu Fletcher

Kitenzi kimoja cha Kiingereza kimesahaulika: “fletcherize”. Kinatokana na Horace Fletcher (1849–1919), tajiri wa Marekani aliyehubiri kwamba tonge litafunwe mpaka liwe majimaji, ndipo limezwe. Hata maziwa alitaka yatafunwe! Alianza baada ya kunyimwa bima ya maisha kwa sababu ya unene. Dakta John Harvey Kellogg wa Battle Creek alimshabikia, baadaye akajitenga naye, kwani Fletcher alisema makapi yanayobaki mdomoni yatemwe, wakati Kellogg aliamini tumbo linahitaji nyuzinyuzi. Hapo niko na Kellogg. Siku hizi ni nadra kumsikia mtu akikitumia kitenzi hicho mezani. Kwa ugali nisingeweza masharti yale. Kwa nyama ya beberu mzee, labda.