Mtoto Anayevimba na Dawa Isiyomsaidia

Wazazi wa Masisi na wa Walikale, sikilizeni habari hii, kwa maana inahusu watoto wenu. Mtoto akivimba, watu wengi husema mara moja, "Ni bwaki." Wengine husema ametiwa sumu, nao humpeleka kwa mtu wa majani, au humlaza siku nyingi katika chumba cha maombi. Kuomba ni vema. Lakini hakuna aliyekatazwa kuomba njiani, akienda kupimwa mkojo.

Ni kweli bwaki iko kwetu, hasa kwa watu waliokimbia vita na kuacha mashamba yao. Lakini mtazame mtoto vizuri. Mwenye bwaki huanza kuvimba miguu. Nywele zake hugeuka rangi, ngozi hubanduka, naye hataki kucheza. Mwenye ugonjwa wa figo huamka asubuhi macho yamevimba, na jioni uvimbe umeshuka miguuni. Baadaye tumbo hujaa maji. Mkojo wake ni kidogo, nao una povu jingi. Figo ni kama chungio la unga wa mihogo: likitoboka, kile kilichopaswa kubaki hupita. Kinachopita ni protini ya damu, na maji hubaki mwilini.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: mtoto yeyote aliyevimba apimwe mkojo kabla hajaandikwa katika daftari la bwaki. Kituo kisicho na karatasi za kupimia kinaweza kuchemsha mkojo katika kichupa cha kioo. Ukigeuka mweupe kama ute wa yai uliopikwa, na ukibaki vile hata ukitiwa matone ya siki, protini ipo. Kazi hii haitaki mashine, na sioni sababu ya kuiacha.

Dawa yake ni prednisoloni. Katika nchi nyingi, watoto 8 au 9 kati ya 10 hupata nafuu kwa dawa hii. Kipimo chake ni miligramu 2 kwa kila kilo ya mtoto kila siku, wala isipite 60. Basi mtoto wa kilo 15 humeza miligramu 30, ndivyo vidonge 6 vya miligramu 5, kila siku kwa wiki 4 hadi 6. Mama akiviona vidonge sita mkononi huogopa, akatoa viwili. Baba huona mashavu ya mtoto yamekuwa mviringo, akadhani uvimbe umerudi, kumbe ni dawa. Naye huamuru iachwe. Kisha tunaambiwa dawa imeshindwa! Dawa haikushindwa, haikumezwa. Tena kuiacha ghafla ni hatari, kwa kuwa mwili umezoea kuipokea. Lazima ipunguzwe kidogo kidogo.

Hata hivyo wako watoto waliomeza vyote, na mkojo bado una protini nyingi. Hapo sisi wauguzi wenyewe hukosa: huongeza wiki nne tena, kisha nne tena. Mimi nalikataa jambo hilo. Mifupa ya mtoto hudhoofika, harefuki, na ugonjwa mdogo waweza kumwua, lakini figo hazipati faida. Wiki 4 za kipimo kamili zikiisha bila nafuu, itafutwe sababu iliyojificha: malaria, virusi vya ini vya aina ya B, UKIMWI, hata jino bovu. Wiki zikifika 6 na hali ni ile ile, ugonjwa ni sugu. Inafaa daktari wa figo atoe kipande kidogo cha figo kwa sindano, akitazame kwa darubini. Watoto wengine walizaliwa na chungio lenye kasoro; prednisoloni haitalitengeneza. Wengine husaidiwa na siklosporini au takrolimusi, dawa zinazotaka damu ipimwe mara kwa mara, pamoja na enalaprili ya kupunguza protini inayopotea. Wale wasiosaidiwa, figo za wengi wao hufa baada ya miaka. Sitaki kuwaficha hilo.

Kwa mambo hayo mtu wa Masisi hushuka kwa Sake hadi Goma, na pengine husafiri mpaka Kinshasa, kwenye kliniki za chuo kikuu. Mtu wa Walikale ana njia ndefu zaidi. Januari 2025, vita vilipofika Goma, hata uwanja wa ndege ulifungwa. Najua pia bei ya safari: kwanza mbuzi, kisha shamba. Ndiyo maana sipendi mzazi atumwe kabla ya wakati, wala acheleweshwe wakati ukifika. Njia ikiwa imefungwa, mtoto apunguziwe chumvi, aendelee kula maharagwe na sombe kama wenzake, na akipata homa pamoja na maumivu ya tumbo aletwe hospitalini siku ile ile.

Njia ikifunguka, usiondoke bila barua. Iandikwe uzito wa mtoto, siku alipoanza dawa, idadi ya vidonge kila siku, na jinsi mkojo ulivyoonekana kila wiki. Bila barua hiyo daktari wa mbali hawezi kujua kama dawa ilimezwa, naye ataanza tena zile wiki nne tangu mwanzo.